Masuali na Majibu: Wasiwasi Katika Udhu

SUALI: Mimi ni mama, nakaa Nyamagana, Mwanza. Kijana wangu wa miaka 15 hutia udhu tangu adhana ya Magharibi hata Isha yakaribia. Huosha mkono mara kumi, husema haujatoharika, huanza upya. Akisimama kusali hukariri takbira hata hulia. Baba yake asema ni ukaidi. Jirani wasema ni jini. Nifanye nini?

JIBU: Mama yetu, mwanao si mkaidi, wala imani yake haikupungua. Asiye na imani hailii takbira. Hayo ni maradhi, na wanazuoni wetu waliyatambua zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, katika kitabu chake Masalih al-Abdan wal-Anfus aliyatenga maradhi ya wasiwasi na ghadhabu, hofu na huzuni. Mwaka 2015 watafiti wawili, Rania Awaad na Sara Ali, walilinganisha maelezo yake na vipimo vya matabibu wa leo, wakaona yanaafikiana sana.

Maradhi haya aghlabu huanza utotoni au ujanani, na huhusiana na njia za ubongo zinazosimamia mazoea. Pengine huandamana na usonji, au na kupepesa macho na kushtuka viungo pasipo kutaka. Lakini mtoto mwenye usonji akikariri jambo, mara nyingi nafsi yake hutulia. Mwenye wasiwasi hukariri hali anaumia, kwa kuogopa. Kupambanua hayo ni kazi ya tabibu.

Mwaka 1966 Victor Meyer, huko London, alieleza jinsi alivyowatibu wagonjwa wa namna hii: hukabilishwa na linalowatisha, kisha huzuiwa kukariri, na hofu hupungua kidogo kidogo. Tiba hiyo ingali ikitumika hata leo, na dawa zipo pia.

Sharia haipingani na tiba hiyo. Kanuni ya fiqhi ni kuwa yakini haiondolewi na shaka, na wanazuoni wamesema kuwa mtu aliyekithiri shaka asizielekee. Kuosha hakuzidi mara tatu. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitia udhu kwa mudi moja, nayo ni kadiri ya viganja viwili vilivyojaa. Imepokewa tena katika Ibn Majah kuwa alikataza israfu ya maji ijapokuwa mtu yuko kwenye mto upitao. Basi sisi tulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria tusidhani kuwa wingi wa maji ndio utohara.

Kwa hiyo, mama, kwanza mwambie baba yake asimpige wala asimkaripie. Pili, kijana akikuuliza mara kwa mara, "Je, nimetoharika?", usimjibu kila mara, jibu lako humtuliza kitambo kidogo, kisha humzidishia kiu ya kuuliza. Mwambie kwa upole: "Hilo ni wasiwasi, endelea na sala." Tatu, mpelekeni Hospitali ya Bugando, mkaulizie tabibu wa maradhi ya akili. Dua na kisomo visiachwe, wala visishike mahali pa matibabu.

Na ninyi vijana mnaoyaficha haya kwa haya, semeni na wazazi wenu. Dini ya Mwenyezi Mungu ni nyepesi. Uzito huo hakukutwikeni Yeye. Wallahu aalam.