Ulaya Si Lazima Ufikie kwa Jamaa: Kitanda cha Hosteli Kina Stara Yake



Wanawake wa visiwani siku hizi tunasafiri. Tulianza na Dar, tukenda Nairobi, tukenda Dubai na Guangzhou kufuata mzigo, na sasa wapo wenye biashara zao ndogo ndogo wanaotaka kuiona Paris au Berlin kwa macho yao na kwa pesa zao, kabla magoti hayajaanza kuuma. Jambo jema. Lakini mkikaa kupanga safari, suali la kwanza huwa lile lile: tunafikia kwa nani? Na jibu pia ni lile lile. Binti wa ami yuko Ujerumani, mtoto wa mama mkubwa yuko Uholanzi, basi huko huko, wiki tatu.

Sisi tunasema hapana. Mwenye uwezo wa kulipa tiketi ya ndege alipe na kitanda chake. Hosteli zipo, bei zake mwenye cherehani mbili anazimudu akijipanga, na mwanamke anaweza kulala humo na stara yake yote.

Tuanze na huyo jamaa, maana hapo ndipo penye uzito. Binti wa ami unayemuona kwenye picha na koti zuri, anakaa ghorofa ya nne, vyumba viwili, na watoto watatu. Alfajiri ametoka kwenda kazini. Mumewe amerudi zamu ya usiku, anataka kulala, na sebuleni umelala wewe na mabegi yako manne. Kule maji ya moto yana bili na joto la nyumba lina bili, na mgeni wa kutoka kwetu wakati wa baridi haukai mbali na joto. Hakwambii kitu kwa sababu ni ndugu yako na anaona haya. Ukiondoka ndipo maneno yanapoanza, yanapita kwa mama yake, yanafika kwa mama yako. Tumeona udugu wa miaka mingi ukiharibika kwa wiki tatu za namna hiyo.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na katika mafundisho ya Mtume (SAW) ukarimu wa mgeni umewekewa siku tatu, na mgeni amekatazwa kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake kwenye dhiki. Tunaikumbuka nusu ya kwanza, ile ya kumkirimu mgeni, kila tunapokuwa sisi ndio wageni. Nusu ya pili tunaisahau.

Halafu kuna karatasi. Ukiomba viza ya Ujerumani kwa kusema utagharamiwa na jamaa yako, yeye huenda kwenye ofisi ya serikali kule na kutia saini kwamba gharama zako ni juu yake, hata za matibabu, hata za kukurudisha kwenu ikibidi. Mtu anayesafisha ofisi kwa mshahara wa saa anakuwekea saini hiyo, na wewe huku unasema "amenialika tu". Ukiwa na nafasi uliyojiwekea mwenyewe hosteli, taarifa za benki yako na leseni ya biashara yako, unasimama kwa miguu yako. Uthibitisho wa malazi wa hosteli ni uthibitisho kama wa hoteli.

Sasa hosteli yenyewe. Watu wakisikia neno hilo wanafikiria bweni la skuli, au wanafikiria pahala pa vijana walevi. Asili yake si hiyo. Aliyeanzisha wazo hili ni mwalimu wa skuli wa Kijerumani, Richard Schirrmann, aliyekuwa akitembeza wanafunzi wake kwa miguu na kutafuta pa kuwalaza kwa bei ndogo. Hosteli yake ya mwanzo iliwekwa ndani ya ngome ya Altena kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, na ngome hiyo ipo mpaka leo. Sasa zipo za kila aina, na humo zimo za vurugu kweli. Kazi yako ni kuchagua.

Cha kutafuta ni chumba cha wanawake peke yao. Tovuti za kuwekea nafasi zinakiandika wazi, mbali na vile vya mchanganyiko, na ukisoma haraka haraka utabonyeza cha mchanganyiko kwa sababu mara nyingi ndicho kinachokuja juu na ndicho rahisi kidogo. Soma mara mbili. Kwa kawaida vitanda ni vya deka, vinne mpaka nane kwa chumba, na kila mtu ana kabati lake. Kufuli chukua lako, wengi wanakuuzia pale mapokezi kwa bei ya kukuudhi. Hosteli nzuri za siku hizi zina pazia kwa kila kitanda, taa yake na pahala pa kuchajia simu. Pazia hilo kwa sisi tunaojistiri ni jambo kubwa kuliko kifungua kinywa cha bure. Kama hakuna, khanga mbili na vibanio vya nguo vinafanya kazi hiyo hiyo ukichukua kitanda cha chini.

Kisha soma maoni ya wanawake waliolala hapo, hasa walioandika miezi michache nyuma. Tazama kama bafu liko ndani ya chumba au mwisho wa ukumbi, kama ukumbi huo unapitwa na wanaume, kama chini kuna baa. Hosteli inayojisifu kwa sherehe kila usiku iache, hata ikiwa ya bei ndogo kuliko zote. Tazama pia masharti ya umri, na hosteli nyingi haziruhusu mtoto kulala bwenini, kwa hiyo mwenye mtoto achukue chumba cha familia. Ukifika, kabla hujatandika, inua shuka ukague pindo za godoro. Kunguni anakaa kwenye mshono, na sisi mafundi ndio wa kwanza kujua mshono unakaguliwaje.

Bei? Kitanda cha Paris au Amsterdam majira ya joto kinaweza kufika euro 40 au 50, na Amsterdam tangu 2024 kuna kodi ya jiji ya asilimia 12.5 juu ya bei ya malazi, usishangae ukiambiwa uongeze. Kraków au Budapest mara nyingi utapata chini ya euro 25. Nenda mwezi wa nne au wa kumi, bei zinashuka na hali ya hewa inavumilika. Na jiko la hosteli ndilo linalookoa pesa zaidi ya kitanda. Mchele, mayai, samaki wa kopo, mboga, umekula. Sisi tunachukua sufuria moja ndogo na mwiko kutoka nyumbani, maana sufuria za pale hujui zimepikia nini jana. Ujerumani Jumapili maduka mengi ya vyakula yanafungwa, nunua Jumamosi.

Tunaulizwa sana kuhusu ibada. Msafiri ana ruhusa yake ya kupunguza na kukusanya sala, hilo mnalijua. Ambalo wengi hawalitarajii ni saa. Berlin mwezi wa sita jua linazama karibu saa 3 na nusu usiku, na alfajiri inakuja hujageuka upande. Mwezi wa kumi na mbili jua limezama kabla ya saa 10 alasiri. Kwetu tumezoea kibla kiwe kaskazini, kule ni kusini-mashariki, kwa hiyo usikisie kwa mazoea ya nyumbani, tumia simu. Kuamka usiku chumbani na wenzako wamelala, weka simu mtetemo, kanzu ya kusalia iwe imekunjwa karibu na mto, salia upande wa kitanda bila kuwasha taa kubwa. Hatujawahi kuona mtu akikasirika. Mara nyingi ukimaliza kuna msichana wa Kikorea au wa Brazil anakuangalia kwa hamu, asubuhi anakuuliza.

Chooni chukua kopo. Tunalisema wazi kwa sababu hakuna anayelisema. Mara nyingi karatasi tu ndizo zilizopo, ingawa Italia majumbani kuna beseni dogo la kujitahirishia pembeni ya choo. Chupa ya maji ya kunywa yenye mdomo mwembamba inatosha na haimshughulishi mtu.

Na dada zetu wenye nikabu, hili lishikeni vizuri. Mtandio na buibui hazina tatizo barabarani. Lakini kufunika uso ni marufuku kwa sheria katika sehemu za umma Ufaransa tangu 2011, Ubelgiji pia tangu 2011, Austria tangu 2017, Denmark tangu 2018, na Uswisi tangu Januari 2025. Faini ya Ufaransa inafika euro 150. Kama hutaki kuvua, usiende nchi hizo, chagua nyingine. Ni bora ulijue hapa kabla hujalipa, si uwanja wa ndege.

Suala la kusafiri bila mahram hatulitolei hukumu, maulamaa wana maneno yao na kila mmoja amuulize sheikh anayemuamini. Sisi tunakwenda kundi la wanawake, waume na wazee nyumbani wamejua na wameridhia, na tunakichukua chumba cha vitanda vinne sisi wanne. Hapo hosteli inakuwa kama nyumba yetu. Pesa tunakusanya kwa upatu, zamu ya safari inajulikana mwaka mzima kabla.

Kwa mwenye kushona, tunapendekeza Paris na Berlin kwanza. Paris, chini ya kilima cha Montmartre, kuna eneo la Marché Saint-Pierre, maduka kwa maduka ya vitambaa, na mengine yanauza vipande vilivyokwisha kukatwa vya mita 3. Mita 3 kwa fundi anayejua kupanga ni gauni na kilemba chake. Hapo karibu ni Barbès na Château Rouge, utapata kitenge, ndizi mbichi na nyama ya halali. Msikiti Mkuu wa Paris uliofunguliwa 1926 uko upande wa pili wa mto Seine, una hamamu ya wanawake na mkahawa wa chai ya nanaa. Berlin kuna soko la Maybachufer kando ya mfereji, Jumanne na Ijumaa, na wauzaji wengi ni Waturuki. Vitambaa, vifungo, zipu, zeituni, mkate. Ukipita hapo Ijumaa unaweza kwenda kusali msikiti wa Şehitlik, haupo mbali.

Hamburg tunaitaja kwa sababu moja. Sayyida Salme wa Unguja, aliyeondoka hapa mwaka 1866 na kufariki Ujerumani 1924, amezikwa huko kwenye makaburi ya Ohlsdorf. Kila mtu ana maoni yake juu ya maisha aliyochagua. Lakini mwanamke wa kisiwa hiki aliishi kule bila jamaa hata mmoja wa kumfikia, tena miaka ile.

Kutoka jiji hadi jiji mabasi ni rahisi kuliko treni, na treni ukikata mapema inashuka sana. Treni za usiku za Nightjet zina vyumba vya wanawake peke yao ukiomba wakati wa kukata tiketi, unaokoa na pesa ya kitanda usiku huo. Viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90, bima ya safari lazima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, na maombi unayapeleka kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Unaweza kuomba hata miezi sita kabla, usingoje mpaka wiki ya mwisho. Uingereza ina viza yake mbali, wengi wanachanganya.

Tunajua yatakayosemwa. Kwamba umekwenda Ulaya ukalala hotelini na ndugu zako wapo, umejifanya nani? Basi mpigie jamaa mapema, mwambie ukweli: nitakuja kukuona, lakini nimeshalipa pa kulala, usihangaike. Mara ya kwanza atanuna. Muache anune. Nenda siku yake ya mapumziko, mchukulie hiliki, mdalasini na karafuu za nyumbani, na khanga doti mbili zenye majina ya kumchekesha. Ingia jikoni mpike pilau pamoja, osha vyombo, cheza na watoto, mpe habari za mtaani mpaka acheke. Jioni vaa koti lako akusindikize kituoni. Yule mdogo akikuuliza kwa nini hulali, mwambie kitanda chako kiko kule kwenye treni ya pili, na Jumapili unakuja tena.