Daftari la Wiki: Mvua Ikinya

Masika yamekolea, na redio zote zinatangaza kwamba mvua "inanyesha". Wapo wazee wa mwambao ambao kwao mvua hunya: jana ilikunya, leo inakunya, na hakuna anayecheka. Mgeni wa bara akisikia hivyo barazani huinamisha kichwa akadhani mzee kateleza ulimi. Hakuteleza. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliweka mvua na choo chini ya kitenzi hicho hicho kimoja.

Kitenzi chenyewe ni cha silabi moja, ndugu wa -la, -nywa, -fa na -ja. Ukikitazama bila haya, maana zake mbili zinakaribiana sana: kitu kinatoka kilikokuwa, kinashuka chini. Mbingu ikifanya ni neema, mtu akifanya kichochoroni ni kesi kwa mjumbe. Wazulu nao wana ukunya, ila kwao ni choo tu. Mvua wameipa kitenzi kingine.

Kinachonifurahisha ni ujanja wa -nyesha. Hiyo ni kauli ya kutendesha, kama -lisha na -nywesha: Mungu anainyesha mvua, yaani anaifanya inye. Hapo sarufi imetulia. Lakini sisi tunasema mvua yenyewe inanyesha. Inanyesha nini? Hakuna anayeuliza. Nionavyo mimi, aibu ndiyo iliyotusukuma: tulitaka kuikwepa -nya, tukachukua mnyambuliko uliokuwa karibu tukauvisha kazi isiyo yake. Na umeizoea kazi hiyo hata mwalimu mkali haukosoi.

*

Kwenye methali lakini haya hazipo. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Mzee ataisema mbele ya wakwe, mbele ya shehe, na wote watatikisa kichwa, maana kinachozungumzwa ni upendeleo. Vivyo hivyo kunyea debe. Mtu akiandikwa kwamba amenyea debe, msomaji anaelewa alifungwa jela, na ile ndoo ya mahabusu iliyozaa msemo huo haimjii hata akilini.

*

Neno jingine la wiki: tako. Likiwa wingi, mama atakuzaba kofi. Lakini bunduki ina tako lake na hakuna askari anayeona haya kulitaja. Ongeza ki- mbele, limetakata kabisa: kikapu kina kitako, na mkwe akifika anakaribishwa akae kitako. Silabi moja tu imelitoa neno uani ikalikalisha sebuleni.

Wenye staha walitafuta pa kujificha wakaleta "makalio", yaani vya kukalia, basi. Haikuchukua muda nalo likachafuka. Leo mtangazaji akilitamka hewani, kuna watakaoguna. Ndiyo maana siamini sana dawa ya kubadilisha majina. Uchafu huhama na mwenyewe.

*

Mafundi wa chuma hawana muda na haya yote. Takataka inayobaki tanurini mawe ya chuma yakishayeyushwa huitwa mavi ya chuma, na jina linatosha. Sioni sababu ya kulitafutia mbadala wenye Kilatini ndani yake.

*

Na msala? Huu ulisafiri kinyume. Ni mkeka wa kuswalia, neno lililotujia kutoka Kiarabu, safi kuliko yote niliyoyataja. Lakini msalani ni chooni, na mgeni mwenye adabu huuliza msalani ni wapi badala ya kutaja choo. Vijana wa mjini nao wameufikisha mbali zaidi: ukisikia "nina msala", jamaa ana balaa, pengine la polisi, pengine la mwenye nyumba. Mkeka, choo na balaa, vyote chini ya neno moja, na bado msikitini linatamkwa bila wasiwasi.

*

Ombi kwa walimu wa Kiswahili. Mkifika kwenye vitenzi vya silabi moja, orodha nyingi za darasani zina -la, -nywa, -fa, -ja, -pa, kisha zinairuka -nya kana kwamba haijazaliwa. Iandikeni ubaoni. Watoto watacheka dakika mbili, wacheke. Maana ya choo wanaijua tangu chekechea. Wasiyoijua ni ile ya mvua.