Mtoto mwenye ualbino naye achore miti

Mama mmoja wa Geita ameniuliza kama amnyang'anye mwanawe penseli. Mtoto ana ualbino, na kila akichora huinamia karatasi hadi pua inaigusa. Mama anaogopa macho yatazidi kuharibika.

Hayaharibiki. Macho ya mtoto mwenye ualbino huona hafifu tangu kuzaliwa kwa sababu ya upungufu wa melanini, na kusogeza karatasi karibu ndiyo njia yake ya kuona. Mwache. Mpe penseli nyeusi nzito, na karatasi ya kaki ikipatikana, maana nyeupe inayong'aa humuumiza.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Mtoto anataka kuchora miti na ndege, naye humfungia ndani kutwa nzima.

Simlaumu. Februari 2015 mtoto mwenye ualbino, wa mwaka mmoja tu, aliporwa kwao wilayani Chato, mkoani Geita, akauawa. Wengine walipelekwa Buhangija, Shinyanga, wapate ulinzi. Kwa hiyo nikisema atoke, namaanisha atoke na mtu mzima unayemwamini, asiachiwe mdogo wake.

Halafu kuna jua, linaloleta saratani ya ngozi, na mawingu hayalizuii. Lakini wapiga picha na wachoraji nao huukimbia mwanga wa mchana. Picha nzuri ni za asubuhi na jioni. Saa hizohizo ndizo zenye nafuu kwa mtoto huyu: kabla ya saa 3 asubuhi na baada ya saa 10 jioni. Avae kofia pana na mikono mirefu, apakwe losheni ya kuzuia jua. KCMC kule Moshi hutengeneza ya kwao. Mafuta ya kawaida ya kujipaka hayazuii kitu.

Shinyanga kuna ngitili nyingi zilizofufuliwa tangu mradi wa HASHI ulipoanza 1986, na ndege wapo. Ila kivuli cha mgunga kina matundu. Mkalishe chini ya mwembe au mwarobaini, alipe jua mgongo. Kwenye machimbo ya Geita, ambako miti imeishia kuwa matimba ya mashimo, tumia ukuta wa nyumba upande wa kivuli.

Kinachonifurahisha zaidi ni simu ya mzazi. Ndege aliye juu ya mti, kwa mtoto huyu ni doa, au hayupo kabisa. Akimpiga picha, akaikuza kwenye kioo na kuisogeza jichoni, anaweza kuona zaidi ya doa. Kisha achore. Ukishaona hilo, zungumza na mwalimu wake: maandishi ya ubaoni nayo yanaweza kupigwa picha.

Mkirudi nyumbani mkague usoni, masikioni na midomoni. Kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa kisipakwe dawa za mtaani. Mpeleke hospitali.