Ajali ya trekta ina kinga

Mashabiki wa Safari Rally, mashindano yaliyorudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, Kenya, wanafahamu kwamba gari la mbio linaweza kubiringika, mabati yakakunjika kama karatasi, na bado dereva na msaidizi wake wakatoka wakitembea. Si mazingaombwe. Ndani ya gari kuna kizimba cha mabomba ya chuma kinachozuia paa lisiwaangukie.

Kizimba hicho hakichomelewi kwa kukadiria. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, zinataka nguzo kuu iwe ya bomba lisilo na mshono, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au kipenyo cha milimita 50 na unene wa 2. Miguu yake hukalia vipande vya chuma vilivyoongezwa kwenye bodi ili isitoboe sakafu.

Kwa mkulima, habari hii si ya michezo tu. Trekta nalo hupinduka. Gurudumu likiingia mferejini, tela lililojaa mpunga likilisukuma kwenye mteremko, au mnyororo wa kung'olea kisiki ukifungwa juu ya ekseli badala ya kwenye ndoano ya chini, trekta linaweza kumlalia dereva. Likiinuka mbele, hugeuka kwa chini ya sekunde mbili. Muda huo hautoshi kuruka.

Waswahili husema ajali haina kinga. Kwa trekta, kinga ipo: ni fremu ya chuma inayosimama nyuma ya kiti, au kibanda imara cha dereva. Sweden ilipitisha sharti mwaka 1959 kwamba kila trekta jipya liwe na kinga hiyo, na vifo vya kupinduka vikapungua mno katika miaka iliyofuata.

Kwa bahati mbaya, wapo wanaoing'oa kwa sababu inagonga matawi ya miembe. Wengine hununua trekta kuukuu lisilo nayo, kisha humpa fundi wa mageti aunge nyingine kwa bomba la maji. Huko ni kujidanganya. Fundi anaweza kuwa hodari, lakini bomba la maji halikutengenezwa kubeba uzito wa trekta. Fremu ya kiwandani imepimwa ili ijikunje kiasi, imeze kishindo na kumwachia dereva nafasi ya kubaki hai. Ukiitoboa au kuichomelea ndoano ya kutundikia madumu, umeidhoofisha. Ikishapinda katika ajali, haifai kunyooshwa, inabadilishwa.

Fremu bila mkanda nayo ni nusu ya kazi, maana dereva anayerushwa nje anaweza kuangukiwa na fremu ileile. Lakini trekta lisilo na fremu, au ambalo fremu yake imekunjwa, mkanda usifungwe. Fremu ya kukunja ilazwe chini ya miti tu, kisha isimamishwe mara moja. Aidha, abiria wa kwenye madigadi ashuke, kwani fremu haikutengenezwa kwa ajili yake.

Wakati umefika kwa benki na vyama vya ushirika vinavyokopesha matrekta kuifanya fremu kuwa sharti la mkopo, kama wanavyodai bima na dhamana. Mfanyabiashara wa matrekta yaliyotumika naye aeleze wazi kama fremu ni ya asili, na mnunuzi asiifute kwenye hesabu ili apunguziwe bei.

Mkulima hulipa bila kusita gharama ya jembe la trekta, matairi na dizeli, kwa kuwa vyote humletea mavuno. Fremu haiongezi gunia hata moja. Inachofanya ni kuhakikisha kwamba aliyelima ndiye atakayevuna, na kwamba familia yake haibaki na deni la trekta bila mtu wa kulilipa.