Dakika za Ndege, Saa za Likoni

Kutoka Nairobi hadi uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, ni zaidi ya kilomita 400 angani, na ndege huzimaliza kabla ya saa moja kutimia. Uwanja wenyewe uko Port Reitz, Changamwe. Ukipima kwa mstari ulionyooka, Likoni, ng'ambo ya kusini ya kisiwa cha Mombasa, iko kilomita 10 hivi kutoka hapo. Asiye na gari hupanda matatu hadi kisiwani, akapita Makupa, akateremka kivukoni na kusubiri feri. Siku ambayo feri mbili zimeharibika, hizo kilomita 10 humla muda zaidi kuliko zile 400. Ndiyo maana watalii wengi wa Diani hupanda ndege ya moja kwa moja hadi Ukunda, Likoni wasiione kabisa.

Kwenye kivuko, mkondo wa Kilindini una upana wa nusu kilomita tu. Watu zaidi ya laki mbili huuvuka kila siku, wengi wao kwa miguu. Shida ya Likoni, basi, haijawahi kuwa umbali. Kisauni, upande wa kaskazini, nayo ina msongamano wake, na kila anayeishi Bamburi au Mtopanga anaujua. Lakini tangu daraja la Nyali lilipofunguliwa mwaka 1980, magari yakikwama mtu hushuka akatembea hadi mjini. Hamwombi yeyote ruhusa wala hamngoji nahodha. Mtu wa Likoni hana njia hiyo, na kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya pande hizi mbili za bara.

Barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika mwaka 2024 na madaraja yake ya Mwache na Mteza, ni kazi kubwa na ninaifurahia. Malori ya bandarini yanafika Kwale na Lunga Lunga bila kuingia kisiwani. Mkazi wa Likoni anayefanya kazi Miritini au Changamwe naye atafaidi, mradi yawepo matatu na nauli anayoimudu. Lakini mama anayeuza mboga Kongowea, au kibarua wa Mwembe Tayari, azunguke Miritini kwa nini wakati kisiwa anakiona mbele yake?

Njia nyingine za kumvusha mtu huyu zimejaribiwa mara nyingi. Huduma ya feri ya Mtongwe, ambako watu 272 walikufa maji feri ilipopinduka Aprili 29, 1994, imekuwa ikisimama na kurudi. Daraja la kuelea la Liwatoni lilifunguliwa mwaka 2021, wakati wa korona, ili kupunguza msongamano kivukoni. Lilibidi lifunguliwe katikati meli zipite, na halikudumu.

Daraja la kudumu la Likoni limezungumzwa miaka mingi, na mazungumzo karibu yote ni ya magari, mizigo na utalii. Wapo wanaohofia kwamba daraja litaleta ada, ilhali feri ni bure kwa waendao kwa miguu. Hofu hiyo ina msingi, na ijibiwe kwa maandishi kabla ya ujenzi: njia ya miguu yenye kivuli, isiyolipiwa, iwe sehemu ya mchoro wa kwanza. Hadi hapo, pesa za umma zitangulie kwenye feri za akiba na matengenezo, na muda anaosubiri mtu wa miguu upimwe na kutangazwa kila siku, kama zinavyotangazwa saa za ndege kule Port Reitz.