Swichi moja Moscow, simu za nchi nzima

Tangu intaneti ilipokatika Tanzania siku ya uchaguzi mkuu, 29 Oktoba 2025, kuna swali linaloturudia kipindini: simu ikigoma, nitajuaje kama ni mnara au ni mkono wa mtu? Jibu linategemea sana swichi iko wapi na nani ameishika. Leo tunaangalia Urusi, kwa sababu huko swichi imewekwa mahali pamoja na yaliyotokea yamechunguzwa vizuri.

Tupitie kwanza kwa jirani. Uganda ilipiga kura 14 Januari 2021. Siku mbili kabla, tume ya mawasiliano, UCC, iliziagiza kampuni za simu kufunga mitandao ya kijamii. Jioni ya tarehe 13 ikaagiza intaneti yote ifungwe, na ilirudi tarehe 18. Hatuutetei utaratibu ule hata kidogo, lakini tazama ulivyopita: amri ilikwenda kwa barua, na kampuni zenyewe ndizo zilizofunga. Airtel iliwatangazia wateja wake kwamba imeagizwa. Mtu alijua nani kafunga.

Urusi waliiondoa hiyo barua. Sheria iliyoanza kutumika 1 Novemba 2019 inazitaka kampuni za intaneti kuweka kwenye mitambo yao vifaa vya mamlaka ya mawasiliano, Roskomnadzor. Kampuni inavipa nafasi tu. Kuviendesha si kazi yake. Vinaendeshwa kwa mbali kutoka kituo kimoja cha mamlaka. Ofisa anakaa mbele ya kompyuta, anaandika kanuni, na kanuni ile inakwenda kwenye vifaa vya nchi nzima.

Kifaa chenyewe kinafanya nini? Fikiria mzigo unaomtumia ndugu kwa basi. Umefungwa vizuri, kondakta haoni kilichomo, ila jina la anayepelekewa limeandikwa juu kwa kalamu nene. Mawasiliano mengi ya intaneti yako hivyo: ujumbe umefungwa, lakini jina la tovuti unayokwenda linasomeka. Kifaa kinasoma jina, kisha kinaamua: pita, simama, au pita polepole.

Hiyo "pita polepole" ndiyo ya kuogopa zaidi, maana haionekani kama kufungiwa. Inaonekana kama mtandao mbovu tuliouzoea.

10 Machi 2021 Roskomnadzor ilitangaza kupunguza kasi ya Twitter, kwenye simu zote za mkononi na nusu ya intaneti ya majumbani na maofisini. Kasi ilishushwa hadi takriban kilobiti 128 kwa sekunde: maandishi yanafunguka, picha unaisubiri mpaka unakata tamaa. Kanuni ililenga jina lolote lenye "t.co", anwani fupi ya Twitter. Sasa chukua karatasi uandike microsoft.com. Herufi ya mwisho ya "microsoft" ni t, inafuata nukta, halafu co. Andika na reddit.com, utaona vilevile. Tovuti zisizohusika kabisa zikapunguzwa kasi kwa sababu ya herufi tatu na nukta, hadi kanuni iliporekebishwa siku iliyofuata.

Kosa kama hilo likifanywa na kampuni moja ya simu, unabadilisha laini, maisha yanaendelea. Pale haikusaidia, kwa sababu kanuni ilikuwa moja kwa kampuni zote.

Na ukimuuliza anayekuuzia bando? Julai 2024 YouTube ilianza kuwa nzito Urusi. Kampuni kubwa ya mawasiliano huko, Rostelecom, ikasema tatizo ni vifaa vya Google ambavyo havijatunzwa. Mwezi haujaisha, mbunge Alexander Khinshtein akasema waziwazi kwamba YouTube inapunguzwa kasi makusudi. Mteja alikuwa ameshapewa sababu nyingine kabisa.

Turudi kwenye swali la wasikilizaji. Kila kitu kikiwa kizito kwenye laini moja tu, laumu mnara au kampuni. Programu moja ikigoma kwenye laini zote huku nyingine zinakimbia, mpigie kwa simu ya kawaida ndugu aliye nchi nyingine. Naye akikwama, huenda huduma yenyewe imeanguka, kama Facebook na WhatsApp zilivyolala dunia nzima kwa saa kama sita 4 Oktoba 2021. Kwake ikiwa salama, andika tarehe, saa, mahali ulipo na jina la kampuni. Vipimo vya watumiaji wa kawaida ni sehemu ya vilivyowasaidia watafiti kuelewa jinsi Twitter ilivyobanwa Urusi.