Kamanda Bucher Alistahili Nishani, Siyo Mashtaka

Ni kazi nyepesi mtu aliyeketi ofisini kumfundisha mwenzake namna ya kufa. Marehemu Kamanda Lloyd Bucher wa Jeshi la Majini la Marekani, aliyefariki dunia Januari 2004, alilijua jambo hilo kuliko wengi. Wapo hata leo wanaodai kwamba alilivunjia jeshi lake heshima kwa kuwa hakuzama na meli yake.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba hatuutetei ujasusi. Pueblo ilikuwa meli ya upelelezi, na ilitumwa katika pwani ya Korea ya Kaskazini kunasa siri za watu. Ilitekwa karibu na Wonsan tarehe 23 Januari, 1968. Wakorea walisema imeingia katika maji yao. Wamarekani walisema ilikuwa katika bahari kuu. Wabishane. Sisi tunamzungumzia nahodha na mabaharia wake.

Wakubwa waliomtuma walimpa nini cha kujilinda? Bombomu mbili, zikiwa zimefunikwa maturubai yaliyoganda barafu, hali waliomzingira walikuwa na mizinga, na ndege za vita zikipita juu. Kabla ya safari aliomba vifaa vya kuteketeza nyaraka za siri kwa haraka, akanyimwa. Alipozingirwa, msaada ulioombwa kwa redio haukufika. Baharia mmoja aliuawa, na Bucher mwenyewe akajeruhiwa. Yeye na waliosalia, jumla yao watu 82, wakachukuliwa mateka.

Miezi kumi na mmoja ya kifungo ilikuwa ya vipigo. Bucher aliwekewa bastola kichwani ili akiri makosa, akakataa. Ndipo alipoambiwa kwamba vijana wake watapigwa risasi mbele ya macho yake, mmoja mmoja, kuanzia aliye mdogo kuliko wote. Akatia sahihi. Mwalimu anayesoma makala haya, mwenye watoto wa watu mikononi mwake, angefanya nini?

Wala hawakuvunjika moyo. Walipopigwa picha za propaganda, mabaharia waliinua kidole cha kati na kuwaambia walinzi kuwa hiyo ni ishara ya heri ya Wahawaii. Walinzi walipogundua kuwa ni tusi, Desemba ile waliwapiga vibaya mno.

Na waliachiliwaje? Tarehe 23 Desemba, 1968, huko Panmunjom, Jenerali Gilbert Woodward aliitilia sahihi hati ya kuomba radhi kwa niaba ya Serikali ya Marekani, baada ya kutamka hadharani kwamba yaliyomo si kweli na kwamba anatia sahihi ili kuwakomboa watu wale tu. Yaani dola kubwa ilipima uzito wa heshima yake na uzito wa roho 82, ikachagua roho. Hakuna aliyemshitaki Jenerali. Bucher alipima mizani ile ile akiwa baharini, damu ikimtoka, na mwezi uliofuata akasimamishwa mbele ya maadmirali watano kujieleza kwa nini aliitoa meli. Wakapendekeza ashitakiwe katika mahakama ya kijeshi! Waliomnyima zana hawakuulizwa kwa ukali wa namna hiyo.

Ni Waziri wa Jeshi la Majini, John Chafee, aliyeyafuta mashtaka hayo mwaka 1969, akisema watu hao wamekwisha kuteseka vya kutosha. Lakini kusamehewa siyo kuheshimiwa. Mabaharia wa Pueblo walinyimwa nishani ya wafungwa wa vita kwa kisingizio cha kikarani, kwamba hapakuwa na vita, kwa hiyo wao walikuwa watu waliozuiliwa tu. Ilibidi sheria ibadilishwe, na nishani zikatolewa mwaka 1990, zaidi ya miaka ishirini baada ya kurudi kwao.

Pueblo iko Pyongyang, ikionyeshwa kwa watalii, na Jeshi la Majini la Marekani halijaifuta katika orodha ya meli zake. Nahodha wake alistaafu mwaka 1973 akiwa na cheo kile kile cha ukamanda alichotekwa nacho.